Saa Niliyoichagua Mimi ya Kutufu

Tulikuwa watano wa nyumba moja ndani ya basi lile. Mimi. Mume wangu, baba wa wanangu. Wifi yangu, dada yake mume wangu, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka sita, magoti mabovu na ulimi mzima. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa karani katika ofisi moja Nizwa, huku Oman. Na mkewe, mke wa miezi mitano, binti wa watu wa Sur waliowahi kukaa Unguja kama sisi. Wa sita nitakayemtaja ni mukawili, yaani mwenye basi, anayewachukua mahujaji na kuwasimamia mpaka warudi. Huyo hakuwa wa kwetu kwa damu, alikuwa Mwarabu wa Nizwa, na Kiswahili alijua "haraka haraka" tu. Majina yao ninayo yote, na ya wale wengine arobaini na kitu waliokuwamo, na la dereva, na la mama yake dereva. Lakini humu sitataja jina la mtu. Jambo lenyewe ni la ndani, na anayehusika zaidi yu hai. Ameniruhusu nilieleze, akanambia jina lake niliache.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Hija ilikuwa imeangukia kwenye kaidhi, wakati wa joto la kuivisha tende, wakati ambao kwetu Ibra hata mbuzi hawatoki kivulini.

Lazima niseme kwanza kwa nini niliogopa watu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhiji, miaka ya sabini, si muda mrefu tangu tuhamie Ibra. Mwaka huo nilikwenda kutufu siku ya Idi, siku wanayokwenda wote. Nilinyanyuliwa. Miguu ilikuwa haigusi chini, inaning'inia kama ya mtoto aliyebebwa, na kifua kimebanwa hata shahada nikaitamka moyoni tu, kwa kuwa pumzi ya kuitoa mdomoni sikuwa nayo. Mtu mmoja mrefu, sijui wa nchi gani, ndiye aliyenivuta kwa buibui langu akaniegemeza kwenye nguzo. Mume wangu nilimpata Alasiri. Tangu siku hiyo niliweka nadhiri na nafsi yangu: nikijaaliwa kurudi, sitatufu tena siku ya Idi.

Kwa msomaji ambaye hakuwahi kufika, nieleze. Siku ya Idi, mwezi kumi Mfunguo Tatu, mahujaji wako Mina. Wakisharusha vijiwe na kukata nywele, huteremka Makka kuizunguka Al Kaaba mara saba. Tawafu hiyo ni nguzo. Asiyeitufu hija yake haijatimia, na mume na mke hawahalalikiani mpaka waifanye wote wawili. Unaweza kuifanya siku hiyo au siku zinazofuata, ila lazima uifanye. Na mwanamke aliyemo mwezini hawezi kutufu. Hungoja mpaka atwahirike, hata kama wenziwe wamefunga mizigo.

Haya niliyajua. Niliyajua kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani kwangu.

Kabla hatujatoka Ibra, wanawake wa mtaani walikuja kutuaga, na kila mmoja alikuja na saa yake. Tuliketi uani, kahawa inazunguka na sahani ya rutabu, tende mpya laini. Mmoja akasema, nendeni mkatufu baada ya Alasiri, watu wamelala. Mwengine akasema la wallahi, Alasiri ndiyo wanapoamka, nendeni jua likichomoza. Wa tatu, ambaye hakuwahi kufika hata Sohar, akasema nendeni saa ya chakula cha mchana, kwani binadamu hata akiwa Hija atakula tu.

Wifi yangu akaweka kikombe chini akacheka.

"Kila mmoja wenu ana saa yake ya siri," akasema. "Na kila mtaa wa kila nchi kuna wanawake wameketi hivi hivi wanapeana saa hizo hizo. Tutakutana sote huko huko, tukishangaana."

Nilicheka na wenzangu. Lakini saa yangu nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeamua kwamba sisi tutabaki Mina mpaka mwezi kumi na tatu, wengi wameshatufu na wameshaondoka, ndipo tuteremke. Basi la mukawili lingeondoka Makka alfajiri ya mwezi kumi na nne. Mume wangu akasema fanya unavyoona. Mwanangu akasema, sawa mama. Mkwe wangu sikumuuliza.

Na hapa ndipo kosa lilipoanzia, maana kwetu kulikuwa na utaratibu wake. Mambo ya siku za mwanamke, binti huyasema kwa somo wake, yule mwanamke aliyemfunda alipovunja ungo na akamfunda tena alipoolewa. Kwa mama mkwe hayasemwi. Mama mkwe naye haulizi. Akiuliza, watu watasema anapekua nyumba ya mwanawe. Somo wa mkwe wangu alikuwa Sur, mtu mzima, hakuweza kusafiri. Kumbe alikuwa amekaa naye siku mbili kabla ya safari, wakapiga hesabu, akamwambia: mwanangu, ukisharusha vijiwe siku ya Idi usilale, nenda ukatufu. Mimi sikulijua hilo. Tulipofika Nizwa basi likatukalisha nusu siku Firq, kando ya mji, kwa mafundi, springi imevunjika hata safari hatujaianza, na nikamwona yule msichana amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa gereji anahesabu vidole. Nikasema moyoni, mashaallah, mkwe wangu hata hapa analeta tasbihi.

Safari ya barabarani siiandiki, ni siku tano za vumbi na biskuti. Niende Mina.

Siku ya Idi tulirusha vijiwe mapema tukarudi hemani. Wanaume walikuwa wamenyolewa, vichwa vinang'aa. Wengi wa basi letu wakaanza kujitayarisha kuteremka Makka. Mimi nimejinyoosha kwenye mkeka nangoja chai. Mkwe wangu akaja akapiga magoti mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Idi njema. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Mama, sisi leo hatwendi na wenzetu?"

"Hatwendi. Kwani hukusikia? Tunakwenda mwezi kumi na tatu."

Akawa anakunja ncha ya shela yake na kuikunjua.

"Hata tukenda tukatazama tu, mama? Tukiona watu wengi, turudi."

Kabla sijajibu, wifi yangu aliyekuwa akijikanda magoti akapaza sauti, hema zima lisikie: "Mwacheni bi harusi wa watu! Anaona hija imemrefukia. Anataka atufu upesi amrudie mumewe!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kigelegele. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Mkwe wangu aliinama mpaka uso hauonekani, akaondoka akaenda kukaa mwisho wa hema karibu na ndoo za maji. Baada ya maneno yale angesemaje tena mbele za watu kwamba ana haraka ya kutufu?

Hata hivyo alisema tena. Alasiri alinimiminia maji nitawadhe, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya maji.

"Mama, na jioni je?"

Nikamtazama kwa ukali. "Unataka ukanyagwe? Mimi nimekanyagwa, najua. Nimesema kumi na tatu."

"Haya, mama."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Siku ya pili yake, mwezi kumi na moja, kiasi cha saa nne asubuhi, nilikuwa nachagua vijiwe vya kurusha baada ya Adhuhuri. Wifi yangu akaja anachechemea. Hakukaa. Alisimama juu yangu.

"Wifi, wewe umemuuliza huyu mtoto siku zake?"

"Siku gani?"

"Usinifanye mjinga. Nimemkuta kule nyuma ameshika tumbo, analia. Nimemuuliza, anaogopa kusema. Nikamwambia mimi ni shangazi wa mumeo, nimezika mume, sina aibu iliyobaki, sema. Anasema kesho. Zikiwahi, leo."

Vijiwe vilinianguka mkononi.

"Na jana alipokuwa anaomba twende..."

"Jana niliwafanya watu wamcheke," wifi akasema. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Mimi nitajibu langu kwa Mola. Wewe inuka. Mchukue sasa hivi, mwende kwa miguu. Magari yamekwama, nimeyaona."

Nikahesabu haraka haraka. Nikajiambia, mbona ni saa nzuri. Waliotufu usiku wamemaliza. Wengine wote wanangoja Adhuhuri warushe vijiwe. Makka itakuwa tupu. Mume wangu akasema atabaki na dada yake. Wifi alimnong'oneza mwanangu sikioni. Kijana hakuuliza hata swali moja, alivaa viatu akachukua chupa mbili za maji. Mkwe wangu akatoka nyuma ya ndoo, macho yamevimba. Nikamwambia, "Jifunike kichwa vizuri, jua kali."

Hesabu yangu ya Makka ilikuwa sawa. Lakini nilikuwa nimehesabu wanaokwenda, sikuwahesabu wanaorudi. Wale wote waliokesha Makka wakitufu walikuwa wanarudi Mina kwa miguu ili wawahi kurusha vijiwe, na njia yao ndiyo njia yetu. Tulipopinda kona ya kwanza tukawakuta. Barabara nzima, ukuta mpaka ukuta, nyuso zinatujia. Sisi watatu tu tunakwenda mbele na umma mzima unarudi.

Mwanangu alitangulia, mkono mbele anapasua njia. "Tarik, tarik, ya haji!" Mkewe nyuma yake ameshika mgongo wa kanzu yake. Mimi nyuma ya mkwe, mikono mabegani mwake. Hatua kumi mbele, tano tunarudishwa. Kundi moja la watu warefu walioshikana mikono likatupitia katikati, nikaachana na mabega yale. Nikabaki peke yangu. Nikasikia kifua changu kinaanza kufunga kama kile cha miaka ile, wala hakuna aliyenibana bado. Ni woga tu. Nikasimama pale pale.

Aliyenirudia ni mkwe wangu. Sijui alipitaje. Alinishika uso wangu kwa viganja vyake viwili, jambo ambalo mkwe hamfanyii mama mkwe, akasema, "Mama, nitazame mimi. Usiwatazame watu. Nitazame mimi."

Wakanivuta mpaka ukutani, nikaketi kwenye kivuli chembamba cha upana wa dhiraa moja. Mwanangu akanimwagia maji kichwani. Nikapumua. Nikawaambia nendeni, niacheni. Mwanangu akasema, "Nikuache wapi, mama?" Na kweli, hapakuwa na pa kuniacha. Tulikaa pale kiasi cha nusu saa. Mkwe wangu alikuwa ameketi kando yangu, mkono mmoja umeshika mkono wangu, wa pili umeshika tumbo lake, na macho yako njiani.

Nusu saa ile ninayo mpaka leo.

Tulifika msikitini Adhuhuri imeshakimiwa. Watu wamo katika sala, safu zimejaa mpaka nje juu ya marumaru yanayounguza. Mimi na mwanangu tukaingia safuni kila mtu na upande wake. Nilipotoa salamu nikageuka kushoto. Mkwe wangu hakuwa safuni. Nikageuka kulia. Alikuwa nyuma kabisa, ameketi chini, mgongo kwenye ukuta, viatu vyake amevipakata.

Nikamwendea. Hakuinua uso.

"Mama," akasema, "sisali."

Kwetu wanawake neno hilo moja linatosha. Niliketi kando yake. Sikuweza kusema pole, kwani pole husema asiyehusika.

Baadaye alinambia ilimjia pale pale tulipoanza kuiona minara.

Mwanangu alipotuona tumekaa alielewa. Akaja, akachutama mbele ya mkewe, akafungua chupa ya maji akampa. Halafu akanambia, "Mama, ingia utufu. Ukitoka nitaingia mimi. Mmoja wetu akae naye."

Nikaingia. Na ndani, wallahi, palikuwa na nafasi. Jua limewafukuza wengi, vijiwe vimewaita waliosalia Mina. Nilizunguka mara saba, mikono yangu inapepea, hakuna bega lililonigusa. Nilipata kile kile nilichokitaka, na kila duru ikipita upande wa mlango nilioingilia, nilijua kuna nani amekaa nje.

Jioni tulirudi Mina. Wifi yangu alikuwa anangoja mlangoni mwa hema. Alitutazama mmoja mmoja, akamtazama msichana, kisha akajifunika uso kwa mtandio wake na kuingia ndani. Kwa siku mbili hakumtania mtu.

Mukawili tulimwendea mwezi kumi na tatu, mume wangu na wifi wameshatufu. Alikuwa juu ya basi anafunga magodoro. Mwanangu akamweleza kwa Kiarabu, maneno machache ya heshima, na mukawili akafahamu mara moja. Si sisi wa kwanza.

"Allah amsahilishie," akasema. "Lakini basi haliwezi kukaa. Nina watu arobaini na zaidi, wana kazi, wana mashamba. Kesho alfajiri."

"Siku tatu tu," mwanangu akasema.

"Atakuwa ametwahirika kwa siku tatu? Niapie."

Hakuna aliyeweza kuapa. Mtu mmoja wa basini, aliyekuwa akisikiliza, akasema kwani lazima, arudi Oman, aje mwakani atufu. Mwanangu akageuka, na mara ya kwanza maishani nikamwona anakaribia kumpiga mtu mzima. Mwakani! Mume na mke wa miezi mitano wakae nyumba moja kama kaka na dada mwaka mzima, na kama njia ikafungwa, au maradhi, au mauti?

"Nitabaki naye mimi," mwanangu akasema.

Mkewe akasema kwa haraka, "Ruhusa yako ya kazi inakwisha. Watakuachisha." Na hilo lilikuwa kweli. Ruhusa yenyewe ilipatikana kwa kubembeleza.

Hapo nikasema mimi. "Wewe rudi kazini, na mchukue shangazi yako. Watakaobaki ni baba yako nami. Baba mkwe ni maharimu yake, hawezi kumuoa kamwe, hana tatizo."

Mume wangu akanivuta kando.

"Tende zangu ziko juu ya mitende," akasema. "Zikipita wiki hii ni chakula cha ndege."

"Najua."

"Basi kwa nini nibaki?"

"Nani aliyechagua mwezi kumi na tatu?"

"Wewe."

"Basi mimi ndiye napaswa kubaki. Na mimi siwezi kubaki bila wewe."

Akapekecha mchanga kwa fimbo. Akasema, "Khalas, tutabaki." Na mpaka kufa kwake zile tende hakunitajia tena.

Basi lilipoondoka tulipata chumba kimoja Makka, kwenye kichochoro, dirisha dogo, pazia katikati. Mume wangu alikaa msikitini mchana kutwa. Mimi na mkwe wangu tulibaki macho kwa macho. Alipika, nikaosha. Aliosha, nikaanika. Tuliongea habari za chumvi na mkaa. Siku ya tatu alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, nilikuomba mara tatu."

"Ulikuwa uniambie sababu."

"Ningekwambiaje?"

Angeniambiaje? Mimi mwenyewe nilipokuwa mkwe, mama wa mume wangu sikuwahi kumwambia hata kuwa naumwa na kichwa.

"Basi sasa tuongee," nikamwambia. "Tangu leo utaniambia mimi. Somo wako yuko Sur."

Akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu Mina. "Haya, mama."

Lakini kuongea ilikuwa rahisi kuliko kilichofuata. Mwezi kumi na saba, siku yake ya saba, mume wangu alikuja amefurahi. Amekutana na watu wa Sinaw, Mabedui wenye pikapu mbili, wanarudi nyumbani na wake zao. Wana nafasi ya watu watatu mpaka Sinaw kwenyewe, na kutoka Sinaw Ibra si mbali. Wanaondoka usiku ule baada ya Isha. Wanangoja jibu.

"Muulize," akanambia, akatoka akasimama nje ya mlango.

Nilikuwa sina haja ya kuuliza. Kwetu binti asiye na hakika huweka pamba, na mwanamke mzima huitazama. Ikitoka nyeupe, ametwahirika. Ikiwa na rangi, hata manjano, angali mwezini. Kazi hiyo ni ya somo. Mkwe wangu alikwenda nyuma ya pazia, akarudi na pamba ameifumba mkononi. Akanifumbulia.

Niliichukua nikaenda nayo dirishani. Jua lilikuwa linaelekea Alasiri. Nikaigeuza.

"Mie naiona nyeupe, mama," akasema nyuma yangu.

"Vipi huko?" mume wangu akaita kutoka nje. "Watu wa Sinaw wanataka jibu!"

Ningesema nyeupe, angeniamini. Angeoga, tungekwenda, angetufu, na usiku huo huo tungekuwa njiani, na labda tende chache zingeokoka. Na nilikuwa na hamu ya nyumbani kwangu kupita kiasi. Niliitazama ile pamba mpaka macho yakaniuma. Pembeni, upande mmoja, palikuwa na kivuli cha rangi, kama maji yaliyoosha majani ya chai. Kidogo mno. Mtu angeweza kusema ni mwanga wa dirisha.

Ile saa ya kwanza niliichagua kwa kuogopa. Niliona hii ya pili nisiichague kwa kutaka.

"Bado," nikasema.

Aliketi chini akalia kwa sauti, kama mtoto. Mimi nikafungua mlango nikamwambia mume wangu, waende. Akaondoka kwenda kuwapa jibu. Nilirudi nikaketi sakafuni kando ya mkwe wangu, nikamvuta kichwa nikakilaza mapajani mwangu, nikakaa hivyo mpaka Magharibi.

Mwezi kumi na nane, bado. Mwezi kumi na tisa asubuhi aliniletea pamba, na safari hii alikuja nayo kiganja wazi. Nikaenda nayo dirishani, nikaigeuza pande zote, nikaigeuza tena. Nyeupe kama karatasi. "Oga, mwanangu," nikamwambia.

Tulitoka saa tatu asubuhi. Makka ilikuwa imepungua watu, wauza vyakula wanafagia vibaraza. Nilitufu naye, tawafu ya sunna kwangu, ya nguzo kwake. Duru ya kwanza nilimshika mkono. Duru ya pili akauachia taratibu, akatangulia hatua mbili, nikamwacha. Alikuwa anasoma kwa sauti ya kusikika, midomo yake inakwenda mbio, na alipomaliza ya saba alisimama, akageuka kunitafuta, nikamwonyesha kwa vidole: saba, nimehesabu nami.

Tulirudi na basi la watu wa Buraimi, na kutoka Buraimi teksi mpaka Nizwa. Mwanangu alikuwa ametoka kazini, amesimama mlangoni na kikoi na singileti, amekonda. Alinibusu mkono, akambusu baba yake. Kisha akamtazama mkewe, akamuuliza neno moja tu: "Tayari?"

"Tayari," akasema.

Mimi nikamwambia mume wangu twende Ibra leo leo, tusilale Nizwa. Akasema amechoka, tulale hata saa mbili. Nikamwambia utalala garini.

Tangu hapo wake wa wanangu wote wanne nimewauliza mwenyewe, wazi, kabla ya kila Hija na kila Umra, na wajukuu nawauliza. Wengine wananicheka, siku hizi kuna vidonge vya kuchelewesha siku. Nawauliza tu. Na wakinitaka ushauri wa saa gani pana nafasi ya kutufu, nawaambia hiyo mimi siijui.

Mkwe wangu nilimsomea haya kabla ya kuyatoa. Anasema hakuniomba mara tatu, ni mara mbili, ile ya Alasiri ilikuwa kunikumbusha tu. Mimi naona anapunguza kwa ajili yangu. Wifi yangu hayupo tena kusema, na mume wangu pia. Lakini mlikuwa watu wengi hema lile, na tulicheka sote. Aliye hai kati yenu, na anayekumbuka yule msichana alikuja kwangu mara ngapi siku ile ya Idi, tafadhali aniambie. Kama ni zaidi ya tatu, aniambie pia.